Kumi na sita ilitangulia kompyuta Mombasa

Kigeuze kiboksi cha waifai katika saiba yoyote ya Kisauni au Likoni usome kibandiko chake. Utakuta jozi sita za alama, tarakimu zimechanganyika na herufi: pengine 3C, pengine AF. Hiyo ni anwani ya kifaa, imeandikwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita. Baada ya 9 huja A, na F ndiyo 15. Wanaoanza kujifunza C, lugha ya kuandikia programu, huiona hesabu hii kama mkosi wa wageni. Wangewauliza makarani wa zamani wa pwani hii.

Mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ilipata hati ya kifalme, na sarafu zake zenye jina la Mombasa zikaanza kutengenezwa. Pesa ya shaba ilichorwa mizani. Rupia moja ilikuwa anna 16, anna moja pesa 4, hivyo rupia nzima ni pesa 64. Hesabu hiyo ilitoka India, ambako pwani ilikuwa na biashara ya majahazi tangu zamani. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na kuvuka Makupa kuingia Changamwe, vibarua walilipwa kwa rupia. Madukani nako, ratili moja ilikuwa wakia 16.

Kwa nini 16, na vidole ni kumi? Muuza nafaka mwenye mizani ya vitanga viwili hupata nusu kwa kusawazisha tu, hata kama hajui kuandika. Nusu ya nusu ni robo, nusu ya robo ni thumuni, na akikata mara ya nne amefika sehemu ya kumi na sita. Kompyuta nayo haijui ila mbili: umeme upo au haupo, na hiyo ndiyo biti. Biti nne huleta hali 16 kamili, kwa hiyo alama moja ya heksadesimali huzibeba zote nne bila kubakisha. Kumi haiingii hapo. IBM ilipotangaza mashine zake za System/360 mwaka 1964, baiti ya biti nane iliandikwa kwa alama mbili, herufi A hadi F zikiwemo, na mtindo huo ukaenea. C, iliyotungwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, huzitambulisha namba hizo kwa 0x.

Sasa mchukue karani anayedai anna 175. Anagawanya kwa 16: rupia 10, baki anna 15. Katika C, 175 / 16 ni 10, na 175 % 16 ni 15. Kumi ni A, kumi na tano ni F, basi jibu ni 0xAF.

Namba ikiwa kubwa, jibu hugawanywa tena kwa 16, na tena, mpaka lifike sifuri. Kisha mabaki husomwa kuanzia la mwisho kurudi la kwanza. Hapa ndipo wengi huteleza: 1000 huacha 8, halafu 14, halafu 3, nao huandika 8E3 ilhali jibu ni 3E8. Dawa ni kuyahifadhi mabaki kwenye safu na kuyachapisha kutoka mwisho. Ni kweli, printf("%X", n) hufanya kazi yote hiyo kwa mstari mmoja, lakini anayeanzia hapo amekula pilau bila kujua jikoni kuko wapi.

Tusimpe karani sifa zisizo zake. Hesabu yake ya kumi na sita ilikoma kwenye rupia. Juu ya hapo alirudi kwenye makumi na mamia. Wala hakuhitaji herufi, maana rupia na anna zilikuwa na safu zao daftarini.

Anna hazikudumu. Sarafu za senti, mia moja kwa rupia, zilianza kutolewa zikiwa na tarehe ya 1906, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki.

Walimu wa kompyuta wa Likoni, Kisauni na Changamwe, jaribuni hili: kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, wapeni wanafunzi deni la anna 175 walitoe kwa rupia, kwa kalamu na karatasi.