Mkate wa mayai ukipanda mlima: kuoka na kula nje Kitale na Bungoma

Sinia sita za mkate wa mayai ziliniharibikia usiku mmoja hapa Kitale. Ilikuwa kazi ya harusi ya Bungoma, nusu ya pesa nishalipwa, trei mbili za mayai zishavunjwa. Kila sinia ilipanda vizuri mpaka ikapita ukingo, kisha nilipofunua ikabonyea katikati kama kitanda kilichokatika kamba. Asubuhi nilimpigia simu mamake bi harusi, nikamrudishia pesa zake, na mwezi mzima sikugusa unga.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale. Nilikuja Kitale mume wangu alipohamishwa kikazi. Kuoka sikufundishwa ukubwani. Tangu sijafikia kimo cha meza, kazi yangu nyumbani ilikuwa kupiga mayai. Basi habari ilipofika kwetu, kila mtu akawa na lake. Kuna aliyesema ni kijicho. Kuna aliyesema mkono umekuwa mzito. Shangazi yangu akaniambia, "Mwanangu, unga wa huko bara ndio mbovu." Nikamjibu, "Shangazi, unga nilioutumia ni Ajab, unasagwa hukohuko Mombasa."

Naandika haya kwa sababu watu wa pwani walioko magharibi ya Kenya ni wengi: walimu, askari, madereva wa malori, wafanyabiashara, na akina mama waliofuata waume. Wengi huacha kuoka baada ya kuharibikiwa mara mbili tatu, wakidhani wamesahau. Hawajasahau. Kilichobadilika ni kimo cha mji.

Niliyefumbuliwa macho na muuza mandazi

Siri sikuipata kitabuni. Niliipata kwenye hoteli ndogo karibu na stendi ya matatu, nilikokuwa nikinywa chai asubuhi. Mandazi yao yalikuwa yamefura vizuri bila kupasuka, yangu ya nyumbani yalikuwa yanapasuka kila siku. Nikamuuliza mama aliyekuwa jikoni anaweka bekingi pauda kiasi gani. Akacheka. "Mama Mombasa, hapa ukifuata mkebe, andazi linapasuka. Weka pungufu."

Mkebe umeandikwa kwa ajili ya watu wa chini, karibu na bahari. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban mita 1,400. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito. Kitale, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Jambo hilo huleta mambo matatu jikoni.

Kwanza, hewa iliyomo ndani ya unga au povu la mayai hutanuka zaidi, kwa sababu kinachoikandamiza kutoka nje ni kidogo. Mkate hupanda haraka kabla haujashika, vishimo vya ndani vinapasuka, unalala.

Pili, maji huchemka mapema. Mombasa yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, Bungoma kama 95, Kitale kama 94. Yakishachemka hayazidi hapo hata ukiongeza kuni. Ndiyo maana mbaazi na maharagwe hukaa motoni muda mrefu, na wali uliozoea kuuepua kwa saa unatoka na kiini.

Tatu, maji hukauka upesi. Mkate ukikauka, sukari inabaki nyingi kuliko unyevu, na sukari ikizidi mkate unachelewa kushika. Hapo tena unalala.

Vipimo nilivyovibadilisha

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa kwa Kitale. Kwa Bungoma, fanya nusu ya mabadiliko haya uone, kisha ongeza au punguza.

*Mkate wa mayai.* Huu ndio mgumu, kwa sababu nguvu yake yote ni povu. Pwani tunapiga mayai na sukari mpaka povu lisimame. Hapa acha mapema, povu likiwa laini na linakunja ncha. Katika kila kikombe cha sukari toa vijiko viwili vya chakula. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha unga. Kama unatumia oveni na ulizoea nyuzi 175, panda hadi 185 au 190, ili mkate ushike kabla haujapanda kupita kiasi, na uanze kuuangalia dakika tano mapema. Kama unapalia makaa juu na chini kama tulivyolelewa, makaa ya juu yawe tayari yamekolea kabla hujaweka sinia. Sinia usiijaze kupita nusu.

*Keki na mandazi ya bekingi pauda.* Katika kila kijiko cha chai cha pauda, toa robo. Kila kikombe cha maziwa au maji kiongezee vijiko viwili hadi vinne vya chakula.

*Mahamri.* Hapa watu wanachanganyikiwa. Asubuhi ya Kitale ni baridi, hivyo unga unachelewa kuanza kuumuka, na mtu anaongeza hamira. Usiongeze. Punguza robo, funika vizuri, weka karibu na jiko, na uupe muda. Ukishaanza utaumuka upesi kuliko wa Mombasa. Ukishaumuka ukande tena, uuache uumuke mara ya pili, na usiungoje upitilize. Mafuta yasiwe ya moto sana, la sivyo hamri linakuwa jekundu nje na ndani bado bichi.

*Mkate wa kumimina.* Nazi hapa husafiri kutoka kwetu, kwa hivyo ni ghali na mara nyingine imeoza ndani. Mimi hutumia tui la pakti nusu na maziwa ya ng'ombe nusu, kwa sababu maziwa Trans Nzoia ni mengi na mazuri. Si sawasawa na tui tupu, sitakudanganya. Lakini ukizidisha iliki kidogo, mgeni hali akauliza.

*Mbaazi.* Roweka usiku kucha, kisha tumia sufuria ya presha. Jirani yangu, mama wa Kibukusu, haitumii. Yeye huchuja maji ya majivu ya maganda ya maharagwe na kuyatia kwenye maharagwe na mboga za kienyeji ili zilainike. Ni kama vile sisi tunavyotia magadi. Nilipoyaona nilitambua kuwa jiko la hapa linakijua kimo chake kitambo, sisi wageni ndio tulikuja na vipimo vya baharini.

Kula nje Kitale

Hoteli kwa lugha ya huku ni mahali pa kula, hata kama ni meza mbili na benchi. Mji wenyewe umezungukwa na mashamba, na reli iliufikia mwaka 1926 kuja kuchukua mazao. Mpaka leo kinachopikwa hotelini ni kinacholimwa karibu: mahindi, maharagwe, viazi, maziwa.

Maneno ndiyo yatakayokupoteza kwanza. Pojo wao wanaita ndengu. Pure ni githeri. Mwangani ni saga. Mlenda ni mrenda. Ukiagiza chai utaletewa iliyochemshwa na maziwa pamoja. Ukitaka ya rangi, sema strungi. Ukiagiza mahamri utaletewa mandazi, na hakuna anayekudanganya: kwao ni kitu kimoja, lakini lako la nyumbani lina tui, iliki na hamira, na hili lina bekingi pauda na maziwa. Lile andazi la Kitale likiwa la moto, na kikombe cha chai yenye maziwa mazito, nimeacha kulilinganisha. Ni chakula kingine, na ni kizuri.

Pilau nayo usiitarajie ile yetu. Mara nyingi ni wali uliotiwa rangi kwa kitunguu na binzari iliyochanganywa tayari, nyama chache, kachumbari pembeni. Mimi hotelini hula vile wanavyovipika kila siku: ugali na saga iliyotiwa maziwa, maharagwe, chapati, supu. Pilau napika nyumbani, na wali naupa maji zaidi kidogo na dakika kumi za ziada.

Kuhusu nyama, uliza aliyechinja kabla ya kukaa. Hawakasiriki. Sehemu nyingi zitakujibu wazi, na wasiojua watakwambia hawajui. Ukikosa uhakika, mboga za huku ni chakula kamili.

Kula nje Bungoma

Kutoka Kitale unashuka kwa Kiminini, Kamukuywa na Webuye, kisha unaelekea magharibi hadi Bungoma. Ukishuka kwenye matatu unahisi joto limeongezeka, na unga nao unahisi vilevile.

Heshima ya mezani hapa ni kuku wa kienyeji, ingokho. Hupikwa polepole mpaka mchuzi ukolee, akaliwa na ugali, na ugali mzuri zaidi ni wa wimbi, mweusi mwekundu, mzito. Ukialikwa nyumbani, firigisi usiiguse. Ni ya mwenye nyumba, na atakayetaka kukuheshimu atakupa mwenyewe. Msimu wa mvua utaona kumbikumbi wakiuzwa kwa kikombe, wabichi au waliokaangwa. Busaa nayo usidhani ni uji kwa kuiona rangi yake. Ni pombe ya nafaka.

Watu wa pwani si wageni wa jana upande huu. Kusini kidogo ya Bungoma ni Mumias, makao ya Nabongo Mumia, ambako misafara ya biashara kutoka pwani ilifika katika karne ya 19, na jamii ya Waislamu ipo huko hadi leo. Kwa hivyo usishangae mzee wa Bungoma akikuuliza habari za Lamu kama anayeuliza habari za ndugu. Nilishaulizwa mara mbili, nikiwa na sahani mkononi.

Ukitaka kuuza unachooka

Wengi wetu huanza kwa kuokea majirani, kisha mwenye hoteli anasema, "Niletee hamsini kila asubuhi." Kabla hujakubali, jua haya.

Anayegusa chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya na kuwa na cheti, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Kibali cha biashara hutolewa na kaunti. Kitale ni kaunti ya Trans Nzoia, Bungoma ni kaunti ya Bungoma, na kibali cha moja hakikupi ruhusa ya kufungua duka katika nyingine. Ukitaka kufunga mkate kwenye pakti na kuuweka kwenye rafu ya supamaketi kama Khetia's, utahitaji alama ya ubora ya KEBS. Kuuza kwa sinia kwa mwenye hoteli ni mlango mwepesi wa kuanzia.

Halafu piga hesabu kabla ya kutaja bei. Mayai, sukari, mafuta na makaa hupanda bila kukupigia hodi. Mnakumbuka mwaka 2024, mswada wa fedha ulipotaka kutoza mkate ushuru wa VAT wa asilimia 16, na pendekezo hilo likaondolewa mwezi wa Juni baada ya kelele za wananchi. Waliotishika hawakuwa wenye viwanda peke yao. Muuza mandazi wa stendi naye alikuwa anahesabu, kwa sababu mkate ukipanda bei ndipo wateja wanapomiminika kwake, na unga ukipanda naye anakwama.

La mwisho na la muhimu: usichukue kazi ya harusi kabla hujaoka sinia moja ya majaribio katika mji huohuo, kwa jiko hilohilo. Mimi nilijua kuoka kwa miaka zaidi ya ishirini, nikadhani hiyo inatosha.

Mamake yule bi harusi wa Bungoma ana binti mwingine. Mwaka jana alinipigia simu mwenyewe. Nilimwambia ukweli, kwamba mara ya kwanza nilikosea na sasa najua kwa nini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi njoo uokee hapa kwangu, nikione." Nilishuka Bungoma siku mbili kabla. Sinia ya kwanza niliiokea majaribio, ikabonyea kidogo tu katikati, kwa kuwa nilikuwa nimepunguza sukari kwa kipimo cha Kitale lakini nikasahau makaa ya juu. Ya pili ikasimama. Nikaoka saba.

Shangazi yangu mpaka leo anasema ni unga.