Vijana Jukwaani, Wakubwa Mlangoni

Alhamisi ya tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere waliingia ukumbini Nakuru zamu yao ilipofika katika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Viti havikuwa na watu. Mwelekezi wao alikuwa amekamatwa na polisi usiku uliotangulia. Vyombo vya sauti havikuwepo, wala vifaa vyao vya jukwaani. Huko nje vitoa machozi vilikuwa vikirushwa kuwatawanya raia na waandishi wa habari. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaondoka.

Mchezo ambao haukuachwa uchezwe uliitwa Echoes of War. Uliandikwa na mwelekezi huyo, Cleophas Malala, seneta wa zamani wa Kakamega, na unahusu nchi ya kubuni iliyotoka vitani, ambamo vijana wanataka mtawala awasikize. Kwa nchi iliyokuwa haijasahau Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, Mombasa ikiwa mojawapo ya miji iliyoandamana, maana yake haikuhitaji mkalimani.

Habari ile ilisomwa kama ya siasa, na siasa ilikuwemo. Ila wazazi wa kisiwani Mombasa waliouliza yanatuhusu nini mambo ya Butere na Nakuru wanastahili kujua kwamba kisa cha mwanafunzi jukwaani, na baadaye skrinini, kina historia ndefu Kenya, na kwamba kilianza kwa Kiswahili.

Kilianzia mbali na bahari. Katika miaka ya 1950, Shule ya Alliance kule Kikuyu ilikuwa chini ya Carey Francis, na nchi ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kila mwaka wavulana wa Alliance walicheza Shakespeare. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki tarehe 28 Mei 2025, wiki saba tu baada ya tukio la Nakuru, alisoma pale kati ya 1955 na 1958. Katika Decolonising the Mind anakumbuka michezo aliyoitazama, As You Like It na King Lear miongoni mwayo, na kwamba Shakespeare wa kila mwaka alikuwa desturi isiyokosa.

Kando ya Shakespeare, hata hivyo, wavulana wale wale walikuwa wakiandika michezo yao. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini, ikachezwa na wenzake mwaka 1954. Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini. B. M. Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi. Gerishon Ngugi akafuata na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. Michezo hii ikapigwa chapa, na leo wanaofundisha tamthilia ya Kiswahili vyuoni huitaja miongoni mwa ya mwanzo kabisa kuchapishwa Kenya.

Hebu isomeni tena orodha hiyo. Mapenzi yenye kikwazo, maisha yasiyoeleweka, polisi mlangoni, kijana anayeona amelogwa asipendwe. Ni mambo yale yale ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu pale Tononoka au Makadara angekutajia leo, na waliyaandika wenyewe, kwa lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya nyumbani. Sisi tuliozaliwa nayo, tunaojivunia tenzi na mashairi ya Muyaka, hatukuwatangulia katika hilo. Nalitaja kwa uchungu, kwa sababu shule zilikuwepo hapa na wajuzi wa lugha walijaa kuanzia Kibokoni hadi Kuze.

Jengo nalo lilikuwepo. Ngũgĩ anaitaja Mombasa Little Theatre pamoja na Donovan Maule na Kenya National Theatre za Nairobi, kumbi zilizochipuka kati ya 1948 na 1952 na kushikwa na wageni. Mji wetu ulipata jukwaa, na kijana wa Mji wa Kale akabaki nje yake.

Tamasha la shule lilianza 1959, likitawaliwa na shule za Wazungu na Kiingereza. Baada ya uhuru likafika mikoani, na katika miaka ya 1970 wakaguzi Waafrika kama Wasambo Were walilipa sura ya Kiafrika na kuipa nafasi michezo iliyotungwa humu nchini. Kutoka hapo likakua hadi likawa mojawapo ya matamasha makubwa ya shule barani, na washindi wake wakazoea kualikwa kucheza mbele ya Rais. Heshima hiyo ni kubwa, na imebeba jambo zito: serikali inayowapigia makofi ndiyo inayoamua nani apande jukwaani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyoanza kutumika 1 Oktoba 1963, miezi miwili na ushei kabla ya uhuru, iliachwa na mkoloni nasi tukaendelea nayo.

Ugomvi mkubwa ulizuka 2013.

Mwaka ule Kenya ilipiga kura tarehe 4 Machi, kesi ya urais ikapelekwa Mahakama ya Juu, na nchi ikashika pumzi. Wakati huo huo Butere walikuwa na mchezo uitwao Shackles of Doom, nao ulitoka kwenye kalamu ya Malala. Ulieleza jamii iliyokaa juu ya ardhi yenye mafuta, na wageni wanaoingia kutwaa utajiri na kazi huku wenyeji wakiachwa mikono mitupu. Ukazuiwa kwenda fainali za kitaifa. Wakubwa walidai unachochea chuki za kikabila.

Mwanaharakati Okiya Omtatah, ambaye sasa ni seneta wa Busia, akaenda Mahakama Kuu. Jaji David Majanja, aliyeaga dunia Julai 2024, alilitazama suala hilo kwa jicho la Katiba ya 2010. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza na kuutaja waziwazi ubunifu wa kisanaa, huku ikiacha nje uchochezi wa vita, wa ghasia na wa chuki. Majanja alieleza kwamba kazi ya sanaa inapita kuburudisha nafsi, kwani huamsha dhamiri pia, na akaamuru mchezo uruhusiwe. Uamuzi ule ulistahili kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya elimu ya kaunti. Mtoto wa shule alikuwa ameambiwa na mahakama ya nchi yake kwamba ana haki ya kuigiza jambo linalomsumbua mkubwa.

Miaka 12 ikapita, na yakajirudia kwa shule ile ile na mwandishi yule yule. Butere wakazuiwa, wanafunzi wakaandamana, mahakama ikaamuru waruhusiwe kwenda Nakuru. Safari hii amri ikaheshimiwa kwa njia ya kuikejeli. Wasichana waliruhusiwa kupanda jukwaani, ila mwelekezi akazuiliwa, hadhira ikafukuzwa na jukwaa likaachwa tupu. Malala aliachiliwa bila mashtaka. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, aliuliza mtu asiye mwalimu alikuwa na kazi gani na wanafunzi usiku.

Wengi walimzomea waziri. Mimi naona vitoa machozi karibu na watoto wa shule havina utetezi wowote, na aliyeamuru virushwe alipaswa kuwajibishwa. Lakini ndani ya kauli ya waziri kuna swali ambalo wapenzi wa tamasha hili tunalikwepa, na linawahusu watu wengi kuliko Malala. Shule nyingi siku hizi huajiri waandishi na waelekezi kutoka nje. Hulipwa, kwa sababu kikombe kina faida kwa jina la shule. Mwanafunzi hukabidhiwa maneno akayakariri. Ukiweka Nakupenda Lakini ya 1954 kando ya tamthilia nyingi zinazoshinda leo, ufundi umepanda sana: sauti, mwendo, mavazi, nyimbo. Kilichopungua ni kalamu ya kijana mwenyewe. Serikali inamnyang'anya jukwaa, na sisi wapenzi wa sanaa tulikuwa tumekwisha kumnyang'anya kalamu.

Hapa Pwani kisa cha ujana kilikuja kwa mlango mwingine, wa sinema. Naaz, Regal, Majestic, Lotus, Kenya: majina hayo mtu wa makamo wa kisiwani huyataja kama anayetaja jamaa zake. Filamu za Kihindi ndizo zilizofundisha vizazi kadhaa jinsi ya kupenda na kuteseka. Bobby ya Raj Kapoor, ya 1973, ina kijana wa tajiri aliyetoka bwenini anayempenda binti wa mvuvi, na wazazi wa pande zote mbili wanaosimama katikati. Nani wa Mji wa Kale angehitaji kuelezwa kisa hicho? Dini mbili, tabaka mbili, heshima ya nyumba, na bahari papo hapo.

Video ilipoingia majumbani miaka ya 1980, wasichana ambao kwenda sinema kulikuwa na masharti yake walipata ukumbi wao. Mtafiti Minou Fuglesang aliishi nao Lamu na kuandika Veils and Videos, kitabu kilichotoka 1994. Wasichana anaowaeleza hukusanyika nyumbani kwa mwenye mashine, hutazama filamu ambayo lugha yake wengi hawaijui, na bado hufuata kila pindi ya kisa. Wanajadiliana. Wanaangalia nguo ya mwigizaji kwa umakini wa fundi cherehani, maana kesho itashonwa. Matatizo yao wenyewe, ya ndoa, ya masomo, ya mapenzi ya siri, waliyazungumza kwa kupitia matatizo ya Bombay. Fuglesang mwenyewe alihamia kazi ya vijana nchini Tanzania, akaanzisha Femina, na jarida la Fema likawafikia wanafunzi wa sekondari kwa Kiswahili chao.

Runinga ikaja na Tahidi High, iliyorushwa na Citizen kwa miaka mingi. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kenya alirudi nyumbani jioni akaona sare, bweni, mwalimu wa zamu, mimba, karo iliyokosekana, dawa za kulevya na urafiki uliovunjika, vyote katika shule inayofanana na yake. Tanya, mmoja wa wanafunzi waliopendwa zaidi, aliigizwa na Sarah Hassan, mzaliwa wa Mombasa. Abel Mutua, aliyekuwa Freddy, alianzia pale kama mwigizaji, akawa mwandishi, na baadaye yeye na Phillip Karanja wakaunda Phil-It Productions. Hao ni vijana waliopewa kalamu mapema, na matunda yake tunayaona.

Baada ya hapo mambo yameenda mbio. Rafiki ya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wanaomaliza shule, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes na ikapigwa marufuku nyumbani Aprili 2018, hadi Jaji Wilfrida Okwany alipoiruhusu kwa siku saba mwezi Septemba. Maudhui yake yaliwagawa watu vikali, hasa huku kwetu, ila sheria iliyotumika ilikuwa ile ile ya Sura ya 222.

Mombasa ilipata filamu ya Watatu mwaka 2015. Nick Reding na kundi la S.A.F.E. walianza nayo kama mchezo wa mitaani, kuhusu kijana wa hapa anayevutwa kwenye itikadi kali na mjomba wake polisi anayejaribu kumrudisha. Hadhira ilialikwa kuingilia kati na kusema wao wangefanya nini. Naiheshimu sana kazi hiyo kwa sababu iliwaamini watu wa mitaa yetu kwamba wana la kusema kuhusu watoto wao.

Mambo ya kusema yapo tele. Unga umewala vijana wa Mji wa Kale kwa miongo. Magenge ya vijana wenye mapanga yamewatia watu hofu. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, ikawa kesi na mvutano na serikali kuu, na katika kelele zote hizo hatukumsikia mwanafunzi mmoja akipewa dakika kumi aeleze anavyoona mwenzake wa dawati akipotea.

Sinema zile za kisiwani, Naaz na wenzake, zimefungwa au zimebadilishwa kazi. Anayetaka filamu huvuka daraja kwenda Nyali, na nauli pamoja na tiketi si pesa ya mwanafunzi. Kituo cha vijana cha Swahilipot, karibu na Ngome ya Yesu, imewapa vijana ua wenye ngazi za kukalia unaotazama bahari, na kazi yao ni njema. Tamasha la shule nalo limeongeza kitengo cha filamu, na simu ya mkononi imekuwa kamera. Shule ya kisiwani inaweza kupiga filamu yake Ndia Kuu mchana mmoja. Waamuzi wataitazama, watatoa alama, na mkazi wa Mkanyageni ambaye kisa hicho ni chake hana mahali pa kukitazama.

Little Theatre bado ipo. Kaunti, shule na wenye ukumbi wanaweza kukubaliana juu ya wiki moja kila Aprili, kabla wanafunzi hawajasafiri kwenda fainali au baada ya kurudi: filamu na michezo ya shule zote za kisiwa, kiingilio kidogo, na sharti moja kwamba jina la mwandishi liwe la mwanafunzi.