Ngoma ya Beni na Uchunguzi wa Mabadiliko ya Utamaduni

Miongoni mwa desturi za mwambao wa Afrika Mashariki zilizoandikwa na wataalamu, ni chache zilizofasiriwa kwa njia nyingi zinazopingana kama ngoma ya Beni, ambayo ilichipuka Mombasa na Lamu katika muongo wa 1890, ikateremka hadi Tanga, Pangani na Dar es Salaam, na kufikia miaka ya 1920 ilikuwa ikichezwa hata Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Wachezaji wake walijipanga safu kwa safu kama askari wa gwaride, wakavaa sare, wakafuata mapigo ya bendi za kijeshi, na ndani ya vyama vyao wakagawana vyeo kuanzia mfalme na gavana hadi daktari. Kwa zaidi ya nusu karne ngoma hii ilielezwa kwa zamu kuwa uigaji wa Wazungu, kisha njama ya kisiasa, kisha dalili ya ukabila wa mijini, na hatimaye sura mpya ya mashindano ya tangu zamani. Na kila maelezo yalitokana na njia iliyotumiwa na mchunguzi, pamoja na mahali aliposimama alipokuwa akitazama.

Msingi wa ngoma hii ulikuwapo kabla ya tarumbeta la kwanza kupigwa. Miji ya Waswahili ilikuwa imegawanyika kwa mitaa iliyoshindana kwa karamu, kwa mashairi na kwa ngoma, kama ilivyokuwa Lamu baina ya Mkomani, makao ya koo zenye asili ya mji, na Langoni, makao ya waliokuja baadaye. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa pwani aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, ndiye mchangiaji mkuu wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, na humo ngoma haikutengwa kama burudani tupu bali iliwekwa pamoja na harusi, jando, mazishi na heshima ya mtu mbele ya wenzake. Inafaa kukumbuka jambo hili, kwa kuwa mara nyingi husemwa kwamba uchunguzi wa utamaduni wa pwani ulianza na wageni, ilhali mmoja wa mashahidi wake wa awali alikuwa mwenyeji aliyeeleza mambo ya kwao kwa lugha ya kwao.

Kilichokuja kuongezwa juu ya msingi huo kilitoka pande kadhaa. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na bendi yake ya ala za shaba. Huko Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, vijana walifundishwa kupiga ala za aina hiyo hiyo. Na majeshi ya wakoloni, ya Kijerumani na ya Kiingereza, yalipita mitaani na bendi zao. Vyama vya ngoma vilivichukua vitu hivi kama silaha mpya katika mashindano ya zamani. Upande wa Tanganyika vilijitokeza vyama viwili vikubwa, Marini, kilichohesabiwa kuwa cha watu wa mjini wenye hadhi na elimu kidogo, na Arinoti, kilichokusanya zaidi wapagazi, vibarua na wageni kutoka bara. Mpinzani alishindwa kwa sare iliyonyooka zaidi, kwa wimbo wenye mafumbo makali zaidi na kwa karamu kubwa zaidi. Lakini chama hicho hicho kilimpokea mwanachama msafiri, kilimuuguza mgonjwa na kilimzika maiti asiye na jamaa mjini.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilisambaza Beni kwa kasi ambayo biashara na usafiri wa kawaida visingeweza, kwani askari na wapagazi wa pande zote mbili waliicheza kambini, na waliponusurika wakarudi nayo makwao. Ndipo wachunguzi wa kwanza wa kiserikali walipoanza kuandika juu yake. Hao hawakuwa wasomi bali maofisa wa utawala, na swali lao lilikuwa moja: je, mtandao huu wa vyama, wenye matawi katika makoloni mengi na vyeo vinavyofanana na vya jeshi, ulikuwa umeficha uasi? Baada ya vita taarifa ziliandikwa zikihofia mkono wa Wajerumani au mwamko wa Kiislamu, na uchunguzi ukaishia kuona kwamba hofu hiyo haikuwa na msingi mkubwa. Taarifa hizo zina upungufu ulio wazi, maana ziliandikwa na watu waliotafuta hatari na kwa hiyo wakaona hatari. Hata hivyo bila majina, tarehe na maneno ya mashahidi yaliyohifadhiwa katika majalada hayo, sehemu kubwa ya historia ya Beni isingejulikana. Chanzo chenye upendeleo bado ni chanzo, mradi msomaji ajue kilitungwa na nani na kwa sababu gani.

Wakati huohuo taaluma ya anthropolojia, yaani elimu ya kuchunguza watu na utamaduni wao hasa kwa mtafiti kuishi kati yao, ilikuwa ikitafuta namna ya kueleza mabadiliko. Bronisław Malinowski, mwalimu mashuhuri wa London, alipendekeza kwamba utamaduni wa Mwafrika, utamaduni wa Mzungu na ule uliozaliwa kwa kukutana kwao vichunguzwe kama nyanja tatu tofauti. Mwanaanthropolojia mwenzake, Max Gluckman, alilikataa wazo hilo, na kwa sababu nzuri. Katika uchambuzi wake wa mwaka 1940 kuhusu sherehe ya kufungua daraja huko Zululand, alionyesha kwamba Wazulu na maofisa wa Kizungu walikuwamo katika jamii moja yenye migongano yake, na kwamba mchunguzi anayewatenga katika vyumba viwili hataelewa upande wowote. Taasisi ya utafiti ya Rhodes-Livingstone, iliyoanzishwa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1937 na kuongozwa na Gluckman katika miaka ya 1940, ilipeleka mtazamo huo kwenye miji ya migodi ya shaba, ambako watafiti walisisitiza kwamba mchimba madini aelezwe kwanza kama mfanyakazi wa mgodini, si kama mwanakijiji aliyepotea njia.

Katika miji hiyo Beni ilikuwa imeshafika, ikiitwa Mbeni. Mwaka 1935 wafanyakazi wa migodi ya Mufulira, Nkana na Luanshya walipogoma kwa sababu ya kupandishwa kwa kodi, na watu sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya uchunguzi ilisikiliza ushahidi kuhusu nafasi ya vyama vya Mbeni katika kupeleka habari na kuwakusanya watu. Kwa mara nyingine tena ngoma iliingia katika maandishi kupitia mlango wa polisi na mahakama.

Mtu aliyeipa ngoma ya mijini uchambuzi wa kitaaluma alikuwa J. Clyde Mitchell, mtafiti wa taasisi hiyo ya Rhodes-Livingstone, ambaye mwaka 1951 aliitazama Kalela, ndugu wa karibu wa Mbeni, ikichezwa Luanshya na vijana wa kabila la Wabisa, na mwaka 1956 akachapisha kitabu kifupi ambacho bado kinasomwa. Aliona suruali nadhifu na viatu vilivyong'arishwa, mfalme aliyevaa suti, daktari mwenye kanzu nyeupe, na muuguzi aliyepita kwenye safu na kioo na leso ili wachezaji wajitengeneze. Nyimbo, kwa upande wake, zilisifu Wabisa na kuwakejeli watu wa makabila mengine, huku mipaka ya kejeli hiyo ikilindwa na utani, ule uhusiano wa kutaniana unaofahamika vyema Afrika Mashariki pia. Mitchell aliuliza kwa nini watu wavae mavazi yasiyo na kabila na papo hapo waimbe ukabila. Jibu lake lilikuwa kwamba mjini kabila limegeuka kuwa njia ya kuwapambanua wageni na kujua namna ya kuhusiana nao, na mavazi yalieleza hamu ya hadhi katika jamii ambayo ngazi zake za juu zilishikwa na Wazungu. Uchambuzi huo ni wa hali ya juu, na nguvu yake ni kuanza na kitu kidogo kinachoonekana kwa macho, kisha kufuata nyuzi zake hadi kwenye muundo wa jamii nzima. Udhaifu wake ni kwamba unatazama mchana mmoja wa mwaka mmoja. Mitchell aliutaja ukoo wa Kalela kutoka Mbeni, lakini hakuupa uzito; na mtu asiyejua kwamba mfalme na daktari walikuwapo Tanga miongo kadhaa kabla ya Luanshya atadhani kwamba mgodi ndio uliowazaa.

Pengo hilo lilizibwa na mwanahistoria Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963 na kupokelewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alikuwa profesa wa kwanza wa historia. Kitabu chake cha mwaka 1975 kinaifuata Beni kutoka 1890 hadi 1970, kikiunganisha majalada ya serikali na historia simulizi, yaani ushahidi unaokusanywa kwa kuwahoji waliokuwapo au waliosimuliwa na waliokuwapo. Kwa kuifuata ngoma kwa miaka themanini na katika nchi kadhaa, Ranger aligundua jambo lisiloweza kuonekana katika uwanja mmoja: sare na vyeo vilibadilika kila utawala ulipobadilika, lakini ushindani wa pande mbili, wajibu wa kusaidiana na kiu ya heshima vilidumu. Waliocheza hawakuwa wakimwabudu Mzungu wala kumdhihaki tu. Walikuwa wakishughulika wao kwa wao, kwa ala zilizokuwa na fahari wakati huo. Huu ndio ugunduzi mkubwa zaidi katika habari yote ya Beni, na unamlazimu mtafiti yeyote wa mabadiliko ya utamaduni aulize, kabla ya kuhesabu vilivyoazimwa, ni ugomvi gani wa wenyewe uliokuwa ukiendelea vilipoazimwa.

Hata hivyo Beni ya Ranger ni kwa kiasi kikubwa Beni ya wanaume. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, alionyesha kwamba vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, navyo vilikuwa na vyeo, sare na mahasimu, na kwamba ndani yake wanawake wenye asili ya utumwa waliweza kujipatia nafasi ambayo ukoo uliwanyima. Aliyajua hayo kwa kuketi na wanawake wazee na kuwasikiliza, kwa kuwa majalada yalikuwa kimya. Susan Geiger alitumia njia hiyohiyo Tanganyika, akikusanya masimulizi ya maisha ya wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa nchi hiyo, na akaonyesha kwamba Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam, aliwavuta maelfu ya wanawake katika chama kuanzia mwaka 1955 kupitia vikundi vya ngoma vilivyokuwa tayari vimejengwa. Historia ya uhuru iliyoandikwa kutokana na hotuba na mikutano ya wanaume peke yake isingeweza kuliona hilo, na ni haki kusema kwamba kwa miaka mingi haikuliona.

Beni yenyewe ilififia Tanganyika tangu miaka ya 1930, vijana wa mjini walipohamia kwenye dansi, na baada ya uhuru serikali, iliyounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, ilitafuta ngoma zilizoonekana kuwa za asili. Ngoma ya tarumbeta na vyeo vya kigeni haikuingia kwa urahisi katika hesabu hiyo, ingawa watu wa pwani walikuwa wameicheza kwa vizazi viwili au zaidi. Huko Zanzibar ngoma hii ilibaki kama beni ya harusi, ambamo wanaume hupuliza tarumbeta na kupiga ngoma mitaani, huku waitikiaji na wachezaji wakiwa wengi wao wanawake. Namna ngoma ya safu za wanaume ilivyokuja kuwa ya wanawake haiwezi kuelezwa kwa kutazama harusi ya leo pekee, wala kwa kusoma taarifa za maofisa wa baada ya vita pekee. Inamtaka mtafiti awahoji wapigaji na waimbaji wa beni walio hai, mtaa kwa mtaa, akianza na wanawake.