Tiba ya Nafsi kwa Mtandao: Kutoka Baghdad Hadi Bungoma

Nimekuwa kimya, lakini sikuwa nimelala. Kuna watu hapa Kitale walioniomba niwaandikie programu ya simu ya kuwaliwaza waliowahi kufukuzwa makwao. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Kabla ya kuandika chochote nikachimba historia kidogo, na leo nataka niwasimulie.

Aliyesomea kompyuta chuoni anaijua ELIZA. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, aliandika programu iliyojifanya mtaalamu wa saikolojia. Ukiiambia una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Haielewi kitu, inakurudishia maneno yako tu! Lakini katibu wake mwenyewe, aliyejua fika kwamba hiyo ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Mzee alishtuka sana. (Naye alikuwa mkimbizi: familia yake ilitoroka Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto.)

Waholanzi walipita njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Alfred Lange na wenzake wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walianzisha Interapy: mgonjwa anaandika kwenye tovuti, na mtaalamu, binadamu kabisa, anasoma na kumjibu. Christine Knaevelsrud, Birgit Wagner na wenzao, wakishirikiana na kituo cha waathiriwa wa mateso mjini Berlin, wakaichukua mbinu hiyo na kuwapelekea wasemaji wa Kiarabu, hasa wa Iraq, ambako vita vilikuwa vimewakimbiza madaktari wengi. Waliiita Ilajnafsy, tiba ya nafsi. Hapo Mswahili hahitaji mkalimani.

Mgonjwa aliandika dakika 45, mara mbili kwa wiki, kwa wiki tano. Kwanza alisimulia tukio lenyewe. Kisha alimwandikia barua mtu wa kufikirika aliyepatwa na balaa kama lake, amfariji. Majibu yalitoka kwa mtaalamu anayejua Kiarabu. Utafiti wao wa watu 159 ulichapishwa mwaka 2015: asilimia 62 ya waliomaliza walipona, na kwa walioambiwa wasubiri zamu yao, karibu hakuna. Ila wanne katika kumi waliacha njiani, na hilo wanaouza programu hizi hawalitaji.

Mwaka 2016 roboti zikarudi. Kampuni ya X2AI ilitengeneza Karim, aliyechati kwa Kiarabu na wakimbizi wa Syria. Ndugu yake, Zuri, akajaribiwa na kina mama wajawazito huku kwetu Kenya.

Bungoma, ambako ndiko kwetu, hakuna aliyehitaji roboti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, nusu Bungoma na nusu Moshi, Tanzania. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi, wakikaa na watoto katika vikundi. Watoto wa Bungoma, wa mjini na wa vijijini, walipata nafuu.

Sasa niwaambie kwa nini haya yananigusa. Mwaka 2007, vita vya Mlima Elgon vikiwa vimepamba moto, binamu yangu alikuja kwetu kutoka Cheptais. Nilikuwa na miaka tisa. Alilala taa ikiwaka na hakuna aliyemuuliza kitu. Siku hizi anaendesha bodaboda hapa Kitale, basi nikamwonyesha toleo la kwanza la programu yangu. Kila swali alijibu, "Niko sawa." Programu ikamshukuru na kuandika: yuko sawa.

Nikafuta maswali yote. Nikaweka ukurasa mtupu, na upande wa pili mshauri mmoja atakayesoma. Jumapili iliyopita nilimpa tena.

"Kaka, andika chochote," nikamwambia.

Akauliza kama Kibukusu kinakubalika. Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nikamjibu ndiyo, kisha nikatoka nje kumpigia simu mshauri, nimuulize kama anakijua. Anakijua, mama yake ni wa Kimilili. Niliporudi nilimkuta binamu bado anaandika, chai imepoa. Sijayasoma aliyoyaandika. Ufunguo anao mshauri peke yake.