Msondo: majina manne, bendi ileile

Wadau, juzi rafiki yangu mmoja kaniuliza kama OTTU Jazz na Msondo Ngoma ni bendi mbili tofauti. Ni bendi ileile! Tena ndiyo hiyohiyo iliyokuwa NUTA Jazz na JUWATA Jazz. Sisi watoto wa Bongo Fleva tuliokulia Temeke na Kinondoni tumewasikia wazee wakitaja majina yote hayo, basi leo tuyapange.

Mwaka 1964 serikali ilivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kuunda chama kimoja, NUTA. Chama hicho ndicho kilichokuwa na bendi: vyombo mali ya chama, wanamuziki waajiriwa wenye mshahara. Mtindo wao ukaitwa msondo, jina la ngoma ya asili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 NUTA ikageuka JUWATA, bendi nayo ikabadili jina. Mwaka 1991 chama kikawa OTTU, bendi ikafuata tena.

Mshahara haukumzuia mtu kuhama. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo alikuwa miongoni mwa walioondoka na kuanzisha Mlimani Park, yaani Sikinde. Hapo ndipo ulipoanza ule utani wa jadi, Msondo na Sikinde, kama Simba na Yanga. Mwaka 1985 Gurumo akahamia Orchestra Safari Sound, na baadaye akarudi nyumbani Msondo.

Zama za mageuzi ya uchumi zikaondoa mwajiri. Bendi ikaanza kujitegemea, ikachukua jina la mtindo wake: Msondo Ngoma. Majina ya chama yalikwenda na chama, lakini lile walilolizoea mashabiki likabaki.

Ila kujitegemea kuna gharama. Spika ikiungua, gitaa likikatika nyuzi, mpiga tumba akiugua, hakuna ofisi ya kupeleka barua. Kuna mlangoni tu. Bendi ilimpoteza TX Moshi William mwaka 2006. Gurumo akastaafu 2013, akafariki Aprili 2014. Hata hivyo bendi haikufa.

Kwa hiyo mnaolalamika kwamba dansi linakufa, jiulizeni nani anawalipa hawa wazee tangu chama kijitoe. Ni mimi na wewe. Siku Msondo wakipiga mtaani kwenu, lipa kiingilio, usiombe kupita bure kwa kuwa unamjua mpiga besi.

Haya wadau, Msondo au Sikinde?