Ng'ombe wa Pemba, kwa macho ya Msukuma

Kwetu Bariadi ng'ombe hachezewi. Ng'ombe analima, anakokota mkokoteni wa pamba, analipa mahari, na mambo yakibana anapelekwa mnadani. Mtoto anayemchokoza dume zizini anachapwa kwanza, maswali baadaye. Ndiyo maana rafiki yangu wa chuo aliponialika kwao Pemba tukaangalie mchezo wa ng'ombe, nilidhani ananitania. Nilikuwa nasoma Unguja mwaka wa pili. Nyumbani walisema nimekwenda kusoma ng'ambo, na kwa watu wa Simiyu, ambako bahari ni hadithi tu, hawakukosea sana.

Tulivuka kwa meli, tukafika kijijini kwao wakati wa kiangazi, kabla ya masika. Uwanja ulikuwa uwanja tu: hakuna ukuta, hakuna viti, hakuna tiketi. Watoto walikuwa juu ya miembe, kina mama wakiimba upande mmoja, zumari na ngoma upande wa pili. Dume akaletwa na kamba yake ndefu. Kijana mmoja akajitokeza na kipande cha nguo, akamsogelea, akarudi, akamsogelea tena. Dume alipoinamisha kichwa na kuja, watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mimi, mtoto wa wafugaji, nilikuwa wa kwanza kuukumbatia mti. Mjomba wa rafiki yangu alicheka hadi akakaa chini. "Msukuma anakimbia ng'ombe! Haya, leo tumeona."

Jioni kamba ikavutwa, dume akarudishwa kwa mwenyewe. Hakuna upanga, hakuna maiti ya kuburutwa.

"Mchezo huu tuliachiwa na Wareno," mjomba aliniambia njiani. Ndivyo wasemavyo wengi, na vitabu vya wageni hurudia hivyo hivyo. Niliporudi chuoni nikaona nichimbe.

Hoja ina miguu. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na kwa karibu karne mbili Wareno walikuwa wakitoza, wakipigana na kufanya biashara hapa, Pemba ikiwemo. Kati ya 1580 na 1640 mfalme wa Hispania ndiye aliyekuwa mfalme wa Ureno pia, na katika miaka hiyo hiyo, 1593, ndipo walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Kwa hiyo anayesema mchezo wa Pemba una harufu ya Hispania hajapotea njia. Na watu wa nchi hizo walikuwa na wazimu wa ng'ombe kweli kweli: Papa Pius V aliupiga marufuku mchezo huo mwaka 1567, wakaendelea kama hawajasikia. Waomani walipoiteka ngome mwaka 1698, Wareno waliondoka na kutuachia meza, leso, mvinyo na gereza. Kama waliacha maneno, kwa nini wasiache na mchezo?

Lakini neno lina ushahidi. Ukiiweka leso kando ya lenço ya Kireno, undugu unaonekana. Mchezo hauna tahajia. Basi watu hutafuta ushahidi mwingine, nao ni huu: Ureno, tofauti na Hispania, dume hauawi uwanjani, na Pemba vilevile hauawi. Eti umeona, ni kitu kimoja!

Hapo tarehe zinagoma. Ureno ilikataza kabisa kumuua dume uwanjani kwa sheria ya mwaka 1928. Wareno walikuwa wameondoka pwani yetu zaidi ya miaka 200 kabla yake. Ikiwa kweli ndio walioleta mchezo, waliuleta kutoka nchi ambayo bado ilikuwa ikiua. Huruma hiyo basi haikushuka kutoka merikebuni. Mimi naona ilitoka kisiwani penyewe. Wapemba ni Waislamu. Dume aliyeuawa kwa upanga mbele ya watu, bila kuchinjwa, ni mzoga, na hakuna mkulima wa kisiwani atakayegeuza mali yake kuwa mzoga kwa ajili ya makofi.

Ernest Hemingway alichapisha kitabu chake kikubwa cha ng'ombe wa Hispania, Death in the Afternoon, mwaka 1932. Kwake mchezo ule ni msiba unaoigizwa, na kifo cha dume ndicho kiini chake. Mwaka uliofuata alikuja Tanganyika kuwinda. Alizunguka bara na bunduki yake, na kitabu alichoandika baadaye ni cha uwindaji. Mara nyingi nimejiuliza angesema nini pale chini ya mwembe, jioni, dume akiondoka kwa miguu yake.

Sitaki kuwanyima Wareno haki yao. Ila neno "tuliachiwa" linanikera. Kwetu Usukumani, Bulabo pale Bujora inakwenda na sikukuu ya Ekaristi, iliyoletwa na wamisionari, lakini Bagika na Bagalu wanaposhindana kuvuta watu, nani atasema ngoma ile ni ya Wazungu? Kitu ulichokitunza miaka 300 baada ya mwenye nacho kuondoka, ukakibadilisha hata kiini chake, ni chako.

Likizo nilimsimulia baba. Alisikiliza kimya, kisha akauliza swali moja tu.

"Jioni alirudi zizini?"

"Alirudi, baba."

"Basi huo ni mchezo."

Nikanyamaza. Maksai wetu wa plau, tuliyemwita Bahati, aliuzwa mnadani mwaka nilioanza chuo ili nipate nauli na ada. Aliyalima mashamba yetu misimu saba. Sote tulijua lori lile linaelekea machinjioni, na baba hakwenda mnadani siku ile, alimtuma kaka. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza jinsi Wahispania walivyo wakatili. Nikaona niishie hapo Pemba.

Baba akasimama kwenda kufunga ndama. "Mwaka ujao," akasema, "mwambie huyo mjomba aje aone yetu yanavyolima."