Jina la faili, chinsoni na kompyuta ya boma

Neno faili tumelipata kwa Waingereza, ambao nao walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya uzi. Makarani wa kale huko Ulaya walitunga karatasi zao kwenye uzi au waya, mfano wa mvuvi atungaye samaki. Sisi tuna pia neno jalada, lenye asili ya Kiarabu na lenye nasaba na ngozi, ile ngozi iliyofunika kitabu. Basi uzi hushika na ngozi hufunika. Lakini juu ya ngozi hiyo, mahali ambapo kila apitaye anaona, huandikwa jina. Jina hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo, maana limeanza kuleta maneno katika maboma ya Kisii na Nyamira.

Tuanze na mashine yenyewe. Mnamo Agosti 1995 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 95. Ndani ya menyu ya Start kulikuwa na orodha ya nyaraka 15 zilizofunguliwa karibuni. Macintosh walikuwa wamewahi kuwa na orodha ya namna hiyo mwaka mmoja kabla. Nia ilikuwa njema: mtu aliyeacha barua nusu jana asihangaike kuitafuta leo. Mtindo huo haukufa. Windows 7 ya mwaka 2009 iliongeza orodha ya kila programu peke yake, na Windows 10 ya mwaka 2015 ikakufungulia faili za karibuni mara tu unapofungua dirisha la kutazamia faili, hata kabla hujauliza.

Waliobuni orodha hii walikuwa wakimwaza mtu mmoja kwenye meza moja. Tangu IBM ilipouza mashine yake ya mwaka 1981, jina lenyewe lilikuwa kompyuta ya binafsi. Na mtu hajifichi nafsi yake mwenyewe.

Sasa ilete mashine hiyo Nyaribari au Borabu. Hapo si ya binafsi tena, ni ya boma. Aghalabu imenunuliwa na mtoto anayefanya kazi Nairobi, au ni ya baba mwalimu, na imewekwa sebuleni. Kitinda mimba anapigia chapa karatasi za marudio ya mtihani. Mama anaweka hesabu za chama. Baba ana kumbukumbu za mkutano wa kanisa. Mwana mkubwa, ambaye tayari ana mke, anakuja jioni kuandika barua zake. Asubuhi baba anafungua mashine, na hajafungua faili ya mtu, lakini macho yake yanakutana na orodha: barua ya talaka; majibu ya hospitali; ombi la mkopo, shamba kama dhamana. Kumbe amekwisha kusoma! Hakuvunja kufuli lolote. Jina limemwambia yote, na jambo lililosomwa haliwezi kurudi kuwa halijasomwa.

Kinachonivutia ni kwamba Abagusii walikuwa na sheria ya mambo haya kabla ya umeme kufika milimani. Inaitwa chinsoni. Umoja wake ni ensoni, yaani haya au aibu, lakini chinsoni ni utaratibu mzima wa heshima na kuepukana baina ya vizazi viwili vinavyofuatana. Robert LeVine na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii katika miaka ya 1950, waliueleza kwa kirefu katika kitabu chao Nyansongo cha mwaka 1966. Mvulana akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya mama yake. Anahamia esaiga, nyumba ya vijana. Akishaoa na kujenga, baba yake haingii katika nyumba ile. Atasimama nje aite, na mwana atatoka. Mazungumzo yatafanyika uani, hata mvua ikinyesha. Ndugu za baba, ambao nao ni baba, wanafungwa na mwiko huo huo. Babu na mjukuu, kinyume chake, wanataniana watakavyo.

Mtu wa nje anaweza kudhani kwamba mwiko huu unamlinda kijana peke yake. La, unamlinda baba pia. Humwondolea mzigo wa kujua. Baba ambaye hajaona hana haja ya kuuliza, wala kukemea, wala kujifanya hajaona, na hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kwa hiyo ukuta wa nyumba ya mwana ulifanya kazi kwa pande mbili. Kompyuta ya sebuleni imembeba baba mkukumkuku hadi ndani ya nyumba asiyopaswa kuingia, akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe. Jambo hili nalihesabu zito kuliko wizi wa nywila, kwa sababu hapa hakuna mwizi wa kushitakiwa.

Watu waliojua nguvu ya jina la faili kuliko wote ni maofisa wa serikali ya kikoloni. Mji wa Kisii ulikuwa makao makuu ya wilaya ya South Kavirondo, na taarifa za mabwana DC waliokaa pale zinasomeka hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, chini ya alama DC/KSI. Hizo ndizo tulizoachiwa. Mnamo 1961, uhuru ukikaribia, utawala wa Kenya uliagizwa kugawa faili zake mafungu mawili. Fungu moja lingerithiwa na serikali mpya. La pili lilipigwa muhuri wa herufi W, na walioruhusiwa kulishika ni maofisa wenye asili ya Ulaya tu. Haikutosha kuficha yaliyomo. Ilikatazwa hata kudokeza kwamba faili za namna hiyo zipo. Ilipoondolewa faili ambayo pengo lake lingeonekana, iliwekwa faili bandia mahali pake. Nyingi zilichomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza, na ni mwaka 2011, wazee wa Kenya waliotetea haki yao ya mateso ya enzi za Mau Mau walipokuwa katika Mahakama Kuu ya London, ndipo serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa nazo huko Hanslope Park.

Mkosoaji atanirukia hapa. Ati unaona, mwenye kuficha majina ya faili ana uovu wake! Ndivyo wazazi wengi wanavyosema: kama huna ubaya, unaficha nini? Lugha yetu inatusaidia kumjibu. Tuna siri na tuna faragha, na yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, ila hayakutoka mlango mmoja. Siri ni kile kinachofichwa. Faragha inatoka katika neno la uwazi, nafasi tupu, wasaa. Ndiyo maana Mswahili wa pwani husema nipate faragha akimaanisha nipate muda na mahali. Yule ofisa wa herufi W alitunza siri dhidi ya watu aliotakiwa kuwajibika kwao. Mwana aliyeandika barua ya hospitali anaomba nafasi tu. Kuyachanganya mawili haya ni kumpa mwenye nguvu kisingizio cha kuchungulia.

Kabla kompyuta hazijafika nyumbani, wengi wetu tulizizoea katika saiba za mjini Kisii, Keroka na Nyamira, na huko ndiko tulikojifunza tabia mbaya. Barua ya kuomba kazi TSC, nakala ya kitambulisho, fomu ya HELB, vyote viliachwa kwenye mashine, na mteja aliyefuata akakuta orodha ya majina ya watu asiowajua. Hakujali, kwani hawakuwa jamaa zake. Tabia hiyo tuliibeba ikaingia nyumbani, ambako kila jina lina mwenyewe.

Sheria haitatufikisha mbali. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutofichuliwa mambo ya familia yake bila sababu. Ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini kifungu chake cha 51 kinaziacha nje shughuli ambazo ni za mtu binafsi au za nyumbani. Bunge lilisimama uani likaita, kama baba mkwe. Sidhani lilikosea. Ila kilichobaki ndani ya boma ni chinsoni na mipangilio ya mashine.

Na mipangilio yenyewe ina hila. Kilichomo katika ile orodha si faili bali ni njia za mkato zenye majina ya faili; unaweza kuifuta barua na jina lake likabaki siku nyingi. Dawa iliyo karibu zaidi na esaiga ni kumpa kila mtu wa nyumba akaunti yake na nywila yake, kila mmoja na mlango wake. Asiyeweza hilo aende kwenye mipangilio ya menyu ya Start azime kuonyeshwa kwa vitu vilivyofunguliwa karibuni, kisha afute historia ya kabrasha. Akimaliza asijidai amemaliza, kwa kuwa Word hutunza orodha yake yenyewe, isiyosikiliza amri ya Windows. Hiyo huzimwa ndani ya Word, katika machaguo ya kina, kwa kuandika sifuri mahali palipo na idadi ya nyaraka za karibuni.